Dirisha la Upande wa Barabara

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Mluzi,

Huku hakuna mgonjwa, na kama huko yupo usinifiche, maana nitajua tu. Shemeji yako anakusalimu. Tangu kiwanda cha saruji kiongeze zamu, lori halizimwi, na hata salamu anazitoa huku anasinzia. Mpwa wako amepanda darasa na ameota meno mapya ya mbele, makubwa kama yako, pole yake. Mama ameniambia niandike kwamba anakula vizuri. Nimeandika.

Najua ungependa tumalize kila kitu kwa simu. Mama hataki. Anasema simu ikikatika haimwachii kitu mkononi, lakini barua anaweza kuniita jioni nimsomee tena pale uliposema umenenepa, kisha akairudisha chini ya mto. Kwa hiyo vumilia, nunua kalamu.

Uliuliza mji ukoje. Umekua hadi unanitisha. Ile njia ya vumbi tuliyokuwa tukipita kwenda shule sasa ni lami yenye mistari. Pale palipokuwa na kinu cha kusaga pana benki ya vioo, na jirani yake duka kubwa ambalo mlango wake unajifungua wenyewe. Siku ya kwanza nilipompeleka mama alisimama mbele ya ule mlango, akapiga hodi. Ukafunguka. Akaingia akisema "hamjambo humu ndani", na tangu siku hiyo anasema hilo ndilo duka pekee mjini lenye adabu.

Watu wana kazi, siwezi kusema uongo. Vijana waliokuwa wanakaa kijiweni sasa wana viatu vya usalama na vitambulisho shingoni. Hata sisi tumenunua friji, na shemeji yako akirudi anaifungua bila kutoa kitu chochote, anasimama tu mbele yake kifua wazi hadi nimfukuze.

Maana joto limetushinda. Unaikumbuka baridi ya hapa? Ile ya kwenda shule tukitoa moshi mdomoni, tukijifanya tunavuta sigara? Mwaka jana haikuja. Tuliingoja, nikafuma masweta kama kawaida hadi kabati likajaa, na miezi yake ikapita hatujatoa hata blanketi la pili. Shule za hapa zimeanza kuliondoa sweta kwenye sare. Mashine yangu ya kufumia nimeifunika. Siku hizi nafuma vitambaa vya makochi ya watu waliojenga ghorofa, na wewe bado unaniita Sindano. Sweta lako la mwaka huu nimelifuma hata hivyo, limo kwenye kifurushi hiki. Nimelipima kwa kumbukumbu, kama kawaida, kwa hiyo nijibu kama linakutosha.

Bati ulilotununulia ni zuri. Halivuji hata tone, na wapita njia wanalisifu. Ila vile vigae vya udongo tulivyovishusha vilikuwa vinatunza ubaridi, na bati halitunzi. Ikifika saa sita chumba cha mama hakikaliki. Analala sakafuni, juu ya saruji, amejifunika shuka iliyoloweshwa maji.

Halafu lile swali langu la siku zote. Ulisema jengo unalofanyia kazi likiisha utakuja. Shemeji yako ameliona jengo lenu kwenye televisheni ya kantini likizinduliwa, utepe umekatwa, wakubwa wamepiga makofi. Kwa hiyo limeisha. Lini unakuja?

Dada yako,
Sindano asiye na wateja


Tarehe 3 Machi

Dada yangu Sindano,

Shikamoo. Mwambie mama shikamoo yake ni ya peke yake, asidhani nimewasalimia kwa jumla. Mimi mzima. Kikohozi nilichokuwa nacho kilikuwa cha vumbi na kimekwisha. Shemeji mwambie asiendeshe akisinzia, na mpwa wangu mwambie meno makubwa ni dalili ya akili, aniulize mimi.

Sweta limefika. Asante. Ni zuri mno.

Ni kweli jengo limezinduliwa. Lakini kabla hata utepe haujaokotwa, mwenyewe akaona jirani yake anainua lingine refu zaidi, akaamua kujenga la pili. Ndivyo mji huu ulivyo. Sijawahi kuona kazi ikiisha hapa. Moja inazaa nyingine kabla yenyewe haijakatwa kitovu. Asubuhi nikiwa juu ya paa naona winchi za ujenzi kila upande, na ukilala ukaamka unakuta mtaa umebadilika, unapotea ukienda kununua mkate.

Unajua kazi yangu lakini sijawahi kukueleza vizuri. Watu wanadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi. Hakitengenezi. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje, basi. Kwa hiyo ndani ya ofisi watu wanakaa na makoti, na sisi tunaning'inia ukutani na mikanda, kule ambako mashine zinatema. Barabara iliyo chini yetu inatemewa joto na jengo zima. Wauza matunda waliokuwa wanakaa pale wamehama, matunda yalikuwa yanaiva mikononi. Kila mwaka joto linaongezeka, na likiongezeka tunapokea kazi nyingine za kufunga mashine nyingine. Siku ya jua kali meneja wetu anakuja kazini anaimba.

Nilipofika kwenye shuka na saruji nililia, sifichi. Bati nililitafuta kwa mapenzi, sikufikiria jua. Nimenunua mashine ndogo, ya chumba kimoja, na nimempa dereva wa lori anayekuja huko. Tafuta fundi, na msomee maneno haya akiwa juu ya ngazi ili asiyasahau. Sehemu ya ndani ikae juu ya kabati la mama, isimpulizie kifuani. Ya nje ifungwe ukuta wa uani, kwenye kivuli. Bomba la maji lishuke moja kwa moja, lisipinde kwenda juu, maana maji hayapandi mlima. Yatadondoka usiku kucha, kwa hiyo weka ndoo chini yake, yanafaa kwa maua yako. Na kubwa kuliko yote, mashine ikiwaka dirisha lifungwe. Likiwa wazi mtakuwa mnaipoza barabara, na barabara haina shukrani.

Kuhusu kuja, hili la pili likifika paa tutazungumza.

Mdogo wako,
Mluzi


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu Mluzi,

Barua imechelewa kwa sababu mzigo ulichelewa, na mzigo ulichelewa kwa sababu njia ya kuingia mjini ina foleni. Sisi, tuna foleni. Malori yanapanga mstari kutoka kiwandani hadi kule tulikokuwa tunachuma kuni. Shemeji yako ameshika usukani hadi mgongo unamuuma, lakini analalamika huku anatabasamu. Mpwa wako ameng'oka jino moja la yale makubwa kwa kugombana, usimsifie.

Mashine imefika salama na imefungwa. Nilifanya ulivyosema, nikasimama chini ya ngazi nikamsomea fundi neno kwa neno. Nilipofika kwenye "maji hayapandi mlima" aliacha kazi, akashuka, akanitazama.

"Huyo ndugu yako anajua sana," akasema. "Kwa nini asije kufunga mwenyewe?"

Nikamwambia una kazi nyingi. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Akasema nimjibu fundi vizuri, maana ameuliza swali la maana.

Imekaa vizuri juu ya kabati, nyeupe, inang'aa. Majirani wamekuja kuiona kwa zamu kama wanaokuja kuona mtoto. Mama anakushukuru, anasema umemheshimisha. Aliona imekaa uchi, akataka niifumie kitambaa kama kile cha redio, nikaifumia cha bluu chenye maua pembeni. Imependeza.

Ng'ambo ya barabara wamefungua karakana ya kuchomelea mageti. Kila mwenye nyumba mpya anataka geti la chuma. Mama anawasikia kutwa nzima wakigonga, na harufu ya chuma inamfuata hadi kitandani. Hachukii. Ameshayajua majina ya mafundi wote na siri zao, nani ana deni, nani anamtaka dada wa nani.

Amepungua mwili kidogo, ni hali ya hewa tu.

Sina mengine. Jitunze huko juu.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimempelekea mpwa wangu kalamu za rangi, ziko ndani ya bahasha kubwa, na shemeji nimemtumia dawa ya kuchua mgongo.

Sasa tuongee, na usinikasirikie. Mimi ni fundi. Nimesoma barua yako kama ninavyosikiliza mashine iliyoharibika. Kwanza, kiyoyozi kikifunikwa kitambaa hakiwezi kupumua. Ungekiwasha siku moja tu ungekuja kuniambia kimezima chenyewe. Pili, chumba kikifungwa mama hawezi kusikia siri za mafundi wa mageti, wala kunusa chuma chao. Tatu, nilikuambia uweke ndoo. Wewe ambaye huwezi kupata hata sabuni mpya bila kuniandikia, ndoo hujaitaja.

Mashine haijawashwa hata mara moja, sivyo?

Kama ni umeme, sema. Kama yule fundi ameharibu, sema, nimwandikie barua yake mwenyewe atakayoisoma akiwa chini. Lakini kama mama anaikataa kwa sababu imetoka kwangu nami sijaja nayo, hilo pia niambie, nitalibeba.

Na kuna jambo lingine. Katika barua zako zote, hiyo ni ya kwanza ambayo haikuniuliza lini nakuja. Nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha nikaogopa, na bado naogopa. Kwa nini hukuuliza?

Mluzi


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Tupo. Mpwa wako amekuchora ukiwa juu ya jengo, una mikono mirefu kuliko jengo lenyewe. Mgongo wa shemeji yako umepona, dawa yako inanuka lakini inafanya kazi. Huu ndio mwezi ambao zamani maji ya mtungi yalikuwa yanauma meno. Nimekaa hapa mlangoni na gauni la mikono mifupi, natokwa jasho, nakuandikia.

Umenikamata. Haijawashwa.

Si umeme, na fundi wa watu hana kosa. Ni dirisha. Mama hataki lifungwe.

Unakumbuka baba, Mungu amlaze pema, alivyokuwa anafunga mlango jua likizama na kulalia funguo. Nawe ulikuwa hujui kurudi mapema, kila siku mpira, kila siku sinema. Ulikuwa unakuja upande wa barabara, unapiga mluzi mara mbili, mdogomdogo, mama anavuta dirisha unaingia kama paka. Baba alikuwa anajua. Kuna siku nilimwona anacheka ndani ya blanketi. Jina lako lilitoka hapo, na mama hajawahi kukuita jingine.

Tangu ulipoondoka, miaka tisa sasa, lile dirisha halijafungwa. Mvua ikinyesha anaweka gunia. Kitanda amekisogeza, analala kichwa kikiwa chini yake kabisa. Anasema basi la kutoka huko linafika usiku, nawe utaona aibu kugonga mlango baada ya miaka yote hii, utapita pale pale. Nilimwambia una simu, utapiga kabla hujafika. Alinitazama kama vile nimepata homa.

Siku fundi alipomaliza nililifunga ili tuijaribu mashine. Alinishika mkono. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Aje apige mluzi, mimi nimejifungia kwenye baridi kama nyama ya dukani? Hapana. Fungua." Nikafungua. Ile mashine nikaifumia kitambaa, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Sasa lile nililokuficha. Mwezi wa tatu alianguka bombani mchana. Tukasema ni kizunguzungu. Mwezi uliopita akaanguka tena, na safari hii alikaa muda mrefu hajui sisi ni nani. Daktari wa zahanati amesema ni joto, kwamba moyo wake umechoka kupigana nalo, na kwamba dawa kubwa ni chumba chenye ubaridi. Akaniuliza kama tunaweza kupata. Nikamwambia tunacho.

Umeniuliza kwa nini sikuuliza lini. Barua zako namsomea kwa sauti, unajua hilo. Nikifika pale pa "tutazungumza", mama huwa anainama na kutafuta kitu chini ya kitanda. Hakuna kitu chini ya kitanda. Nilitaka barua moja ipite bila yeye kuinama.

Kwa hiyo mwandikie mwenyewe. Ukija, dirisha halina kazi tena. Ukisema huji, halina kazi vilevile. Hii ya katikati ndiyo inayomuua, na mimi namwona.

Dada yako


Tarehe 2 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Niliianza barua hii mara nyingi nikaichana. Mwambie mpwa wangu mchoro wake nimeubandika ukutani na wenzangu wote wameuona. Shemeji nampa pole ya foleni.

Nianze na lililo gumu. Mkataba mpya nilisaini mwezi wa kwanza, kabla hata hujaniandikia ile barua ya Februari. Wa miaka mitatu. Nilipokuwa nakuandikia "tutazungumza", kalamu ilikuwa ileile niliyosainia. Wamenifanya msimamizi, dada. Nina mafundi chini yangu, wananiita bosi, na wakinitafuta nikiwa sipo kazi inasimama. Huko nyumbani mimi nani? Kinu kimekuwa benki. Kuni zimekuwa foleni. Naogopa nitashuka kwenye basi nisijue kitu isipokuwa ninyi, na ninyi mmezeeka bila mimi.

Wala usidhani huku nastarehe. Chumba changu hakina kiyoyozi. Tuko sita, tuna feni moja inayogeuza shingo, na kila mtu anaisubiri zamu yake imfikie. Usiku ukuta unachemka kama sufuria. Mimi ambaye nimepoza nusu ya mji huu nalala na shuka iliyolowa, kama mama.

Uliniuliza kama sweta linanitosha, nami sikujibu. Huku nani anavaa sweta? Nalikunja nalilalia, maana lilikuja na harufu ya kabati la nyumbani. Imekwisha sasa, lakini naendelea. Siku moja tulikuwa tunatengeneza chumba cha kuhifadhia nyama cha duka lililo chini ya jengo. Wenzangu walipokwenda kula nilibaki. Nikalivaa, nikaufunga mlango, nikasimama katikati ya nyama. Linanibana kifuani kidogo. Nilipopumua, moshi ukatoka mdomoni. Nikaweka vidole hivi, nikajifanya navuta sigara, peke yangu, mtu mzima wa miaka yangu. Nilitamani sana ungekuwepo. Kisha wakarudi, nikalivua, nikasema nilikuwa nakagua.

Ndiyo baridi pekee niliyobaki nayo, na inauzwa.

Sasa sehemu inayofuata msomee mama.

Mama, shikamoo. Ni mimi. Sitakuja mwaka huu, wala mwakani. Siku nikija nitapiga simu kwanza, na nitapita mlangoni kama watu wazima wengine. Usinisubiri dirishani. Dada ameniambia umeanguka, nami sina nguvu ya kusikia mara ya tatu. Nakuomba ufunge dirisha, mashine iwake, ulale. Ukinipenda nifanyie hilo.

Mwanao


Tarehe 28 Septemba

Mdogo wangu,

Tuko salama. Kiwanda kimefungua tawi la pili na shemeji yako amepewa lori jipya. Mpwa wako anaendelea vizuri na masomo.

Nilimsomea mama barua yako jioni, baada ya kula. Sehemu yake nilimsomea mara moja, na hakuniambia nirudie. Hakuinama. Aliichukua, akaikunja, nikadhani ataiweka chini ya mto pamoja na nyingine, lakini alinirudishia akasema nimtunzie mimi.

Akauliza kama kesho maji yatatoka. Nikasema yatatoka. Kisha akapanda kitandani, akapiga magoti, akalivuta dirisha. Komeo lilikuwa limeshika kutu na halikutaka kuingia, nikasogea kumsaidia. Akasema, "Acha. Mimi ndiye niliyelifungua." Alihangaika nalo hadi likaingia. Akashuka, akakitoa kile kitambaa changu juu ya mashine, nacho akakikunja, akaketi.

"Haya," akasema, "iwashe."

Inafanya kazi vizuri sana. Haina kelele, haimpulizii kifuani, kila kitu kiko kama ulivyoelekeza. Kitanda amekigeuza, kichwa sasa kiko upande wa kabati. Sauti za mafundi wa mageti hazisikii tena. Jana mmoja wao alikuja kuuliza kama bibi anaumwa. Analala hadi jua linatoka. Hajaanguka tena, rangi imemrudia, na daktari amesema tuendelee hivyohivyo. Haongei sana. Juzi usiku alisikia baridi, nikaenda kabatini nikampa sweta mojawapo ya yale uliyoyaacha. Linamfika magotini.

Ndoo inajaa kila asubuhi. Nilidhani ungependa kujua.

Dada yako


Tarehe 11 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea juu ya paa, nimekaa kwenye boksi la mashine ambayo bado haijafungwa. Niliisoma yote, kisha nikarudi pale pa ndoo. Nimekaa pale hadi mafundi wangu wakapanda kunitafuta.

Kila nilichokuomba kimefanyika. Dirisha limefungwa, mama anapona, nami nimeumia kuliko siku niliyoondoka. Nilidhani dirisha lile linamzuia yeye kulala. Sikujua kwamba mimi ndiye ninayelilalia, kwamba miaka yote hii huku juu nimekuwa mtu ambaye kuna mahali ameachiwa wazi.

Mkanda wangu na funguo za stoo nimemkabidhi mwenzangu. Wamesema nikiondoka nisirudi, nimewaambia nimesikia. Huko kwenu joto limefika na watu wana friji, fundi hatakosa kazi. Na vile vigae vya udongo, kama hujavitupa, nitavirudisha juu ya chumba cha mama kwa mikono yangu. Sweta liko begani, si kwenye begi.

Barua hii inatangulia na basi la leo. Mimi nafuata. Ningepiga simu, lakini ungeshindwa kumficha mama, na mimi nimeshasema nakuja mara nyingi mno hadi neno lenyewe limeisha nguvu. Kwa hiyo usimwambie. Fanya hili moja tu. Komeo lile litie mafuta, na kila jioni mama akishapata usingizi, zima mashine ufungue dirisha. Najua kuna joto. Hazitakuwa siku nyingi.

Tangu jana nimekuwa nikijaribu, midomo imekauka na vumbi la huku. Unatoka, ila mdogo. Atausikia.

Mluzi